Je, Ni Haki Kumsikiliza Mtu Asiyejua?



Jumapili moja baada ya Misa mama mmoja wa hapa Kibaha alibaki kanisani wenzake walipokwisha kutoka. Alingoja mpaka vijana wa altareni wamezima mishumaa na kwenda zao, ndipo aliponisogelea akasema, "Padre, nina neno linanikaa moyoni."

Neno lenyewe lilikuwa hili. Mwanawe ameajiriwa katika vyombo vya ulinzi, naye mama alimshukuru Mungu, kwa maana kijana alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu bila kazi. Alipokuja likizo, mama alimwuliza kazi yake hasa ni ipi. Kijana akajibu, "Mama, mimi sishiki bunduki. Nakaa chumbani, nimevaa vyombo masikioni, nasikiliza." Mama akanyamaza. "Sasa, Padre," akaniambia, "mtoto huyu alipokuwa mdogo nilimchapa kwa kusimama chini ya dirisha na kusikiliza maneno ya watu wazima. Je, kosa nililomchapia ndilo leo analolipwa mshahara?"

Nilikiri kwamba sina jibu la papo hapo. Nikamwomba muda wa kufikiri, na ruhusa ya kuliandika swali lake bila kumtaja jina. Ruhusa ametoa. Sitasema anakaa mtaa gani wala mwanawe yuko kikosi gani, maana nikisema nitakuwa nimelifanya lile lile tunalotaka kulipima.

Swali hili latuhusu sote. Kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Ruvu i jirani yetu, na nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe zina mtoto, mkwe au mpangaji aliye askari, mgambo au mlinzi. Vyombo vya kazi yao si rungu na filimbi tu kama zamani. Leo kuna redio za upepo, kamera zilizotundikwa juu ya nguzo, ndege ndogo zisizo na rubani, na mitambo ya kunasa mazungumzo ya simu. Na simu tunazobeba mifukoni, tangu mwaka 2019 tumeanza kuzisajili laini zake kwa alama za vidole. Basi yatupasa tufikiri, tusije tukawa kama watu wanaobebwa usingizini.

Mkoa wetu wa Pwani umeyajua mambo haya tangu zamani. Mwezi Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza katika bandari ya Unguja, kisha ikaenda kujificha katika matawi ya mto Rufiji, ndani ya mikoko. Wajerumani waliweka walinzi wa kutazama pwani na kutandika nyaya za simu ili habari zifike upesi. Waingereza nao walileta ndege, wakaziweka kisiwani Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 wanahewa wawili waliruka juu ya delta, wakatazama makombora yanaangukia wapi, na kwa redio wakawaelekeza wapiga mizinga waliokuwa mbali wasioiona shabaha yao. Ndege hiyo ilipigwa ikaanza kuanguka, nao waliendelea kupeleka habari mpaka wakatumbukia mtoni. Siku ile ile Königsberg iliangamia. Mizinga yake kumi iliopolewa ikakokotwa hadi Dar es Salaam ili ipige tena vita.

Wanavyuoni wa vita huisoma habari hiyo kwa kustaajabia ufundi. Sisi tuisome pia kwa upande wa wenyeji. Jicho lililokuwa angani halikuwa lao, na waya uliopita mashambani mwao haukuleta habari zao. Watu wa delta hawakuulizwa neno. Walichopata katika vita ile ni mizigo ya kubeba na njaa.

Na Kanisa letu lilionja upande wa pili wa mambo hayo. Katika vita hiyo hiyo makasisi na walimu Waafrika wa misheni ya UMCA walikamatwa na watawala wa Kijerumani kwa kushukiwa kuwa wapelelezi. Sababu yake si ngumu kuifahamu: misheni yao ilikuwa ya Waingereza, na makao yake yalikuwa Unguja. Wengine walifungwa, wakapigwa, wakafanyishwa kazi ngumu. Wengi wa walimu wa misheni hiyo walikuwa wamesoma Kiungani, chuo kile kile ambacho katika miaka ya 1920 kilihamia Minaki, hapa hapa Kisarawe. Kwa hiyo mtu wa Kisarawe apitapo njia ya Minaki na akumbuke kwamba walimu wa chuo hicho walijua maana ya kutazamwa na mwenye hofu. Mwenye hofu akiona taa usiku husema ni ishara, na akiona barua husema ni njama.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu upande mmoja. Vyombo hivi vyaweza kuokoa uhai, na kukosekana kwake kwaweza kuua. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate mjini Nairobi, wakaua watu 67. Kikosi maalum cha polisi kilikuwa kimekwisha ingia ndani, na jeshi likaingia nyuma yake, bila kuwa na mawasiliano ya kutosha baina yao. Iliripotiwa kwamba mmoja wa makamanda wa polisi aliuawa kwa risasi za wanajeshi wa nchi yake mwenyewe. Askari yule hakuuawa kwa kukosa ushujaa. Alikufa kwa sababu hapakuwa na njia ya kuambiana, "Huyu ni wetu." Baadaye serikali ya Kenya iliweka mtambo wa mawasiliano ya polisi na kamera zipatazo 1,800 katika Nairobi na Mombasa. Nani atawalaumu kwa kutaka kuona na kusikizana?

Maandiko nayo hayakatazi kila aina ya kusikiliza. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya sita, nabii Elisha alikuwa akimwarifu mfalme wa Israeli mahali ambapo Washami wamepanga kuvizia. Mfalme wa Shamu akafadhaika, akadhani kuna msaliti kati yao, mpaka mtumishi wake mmoja akamwambia kwamba Elisha huyajua hata maneno anayoyasema mfalme chumbani mwake mwa kulala. Hakuna mtambo wa leo unaoshinda huo! Lakini tazameni mwisho wake. Jeshi la Shamu lilipotiwa mikononi mwa Waisraeli, mfalme wao alitaka kuwapiga, naye Elisha akakataa. Akaamuru wapewe chakula na maji, kisha waende zao. Vikosi vile vikaacha kuja kuishambulia nchi. Elisha alisikia siri za adui zake, na alichokitafuta ni kuzuia damu. Hakuitumia siri hata moja kujitajirisha wala kumwaibisha mtu.

Sasa tuweke kando ya huyo mtu mwingine. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya kumi na moja, jeshi lilikuwa vitani na mfalme Daudi amebaki Yerusalemu. Jioni akatembea juu ya dari ya nyumba yake. Dari ya mfalme ilikuwa mahali pa juu pa kuuona mji, na mlinzi mwema angesimama hapo kutazama kama moto umetokea au adui anakuja. Daudi aliliona lisilomhusu: mke wa askari wake anaoga. Kutoka kutazama akaja kuulizia, kutoka kuulizia akaja kutwaa, na mwisho akaandika barua kwa Yoabu akampa Uria mwenyewe aipeleke, asijue kwamba amebeba hukumu ya kifo chake. Palepale juu ya dari pa kulindia mji, mfalme alipata nafasi ya kumwibia askari wake. Tofauti ya Elisha na Daudi haikuwa katika uwezo wa kuona. Ilikuwa katika lile kila mmoja alilolitaka, na tena katika hili, kwamba hapakuwa na mtu pale juu wa kumwambia mfalme, "Geuza macho." Nathani alikuja baadaye, Uria amekwisha kufa.

Kutokana na hayo naona hatari tatu, na kila moja ina ushahidi wake katika nchi zetu za Afrika Mashariki.

Hatari ya kwanza ni kudhani kwamba kusikia ni kuelewa. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani wa Dar es Salaam ulilipuliwa, wakafa watu 11. Siku hiyo hiyo kule Nairobi walikufa zaidi ya 200. Wazee wetu wengi wanaikumbuka asubuhi ile. Na Wamarekani walikuwa wamekwisha anza kuzisikiliza simu za watu wa kundi lile mjini Nairobi tangu mwaka 1996, na Agosti 1997 nyumba ya mmoja wao ilipekuliwa. Masikio yalikuwapo, mwaka mzima na zaidi, na mabomu yalilipuka. Mtambo waweza kukusanya maneno kama wavu unavyokusanya dagaa, lakini hauwezi kumwambia mtu lipi ni neno la kweli, lipi ni mzaha, na lipi ni la hatari. Kazi hiyo yabaki kwa binadamu anayejua lugha, mila na watu. Mwenye kuutegemea mtambo peke yake hulala akidhani analinda.

Hatari ya pili ni ile ya Daudi: jicho lililowekwa kwa ajili ya adui hugeuka likamtazama jirani. Mwezi Oktoba 2015 shirika la Privacy International la Uingereza lilitoa ripoti juu ya Uganda. Ripoti ilisema kwamba baada ya uchaguzi wa 2011 na maandamano yaliyofuata, jeshi na polisi walinunua programu iitwayo FinFisher, ya kuingia kwa siri katika simu na kompyuta za watu, na kwamba waliolengwa ni wapinzani wa serikali na waandishi wa habari. Operesheni yenyewe, kwa mujibu wa ripoti, ilipewa jina la Kiswahili: Fungua Macho. Serikali ya Uganda ilikana. Mimi si hakimu wa shauri hilo. Ila jina lile lanifikirisha, kwa sababu kufungua macho ni jambo jema katika lugha yetu. Tunamwambia mtoto afungue macho asije akadanganywa. Neno jema laweza kuvishwa kazi isiyo njema, na hakuna atakayelitambua vazi hilo ikiwa kazi yote inafanyika gizani.

Hatari ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni kufa kwa imani baina ya watu. Hatuhitaji kwenda mbali. Kati ya 2015 na 2017, katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, mkoani mwetu humu, waliuawa watu zaidi ya 30. Wengi wao walikuwa viongozi wa vijiji na vitongoji, na askari polisi. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja Kibiti. Tujiulize kwa nini waliuawa wenyeviti na watendaji, watu wasio na silaha. Mwenyekiti wa kijiji ndiye jicho na sikio la kwanza la serikali. Ndiye anayejua mgeni gani amelala kwa nani. Aliyetaka kuipofusha serikali alianza na huyo. Watu wakaogopa kusema, kwa maana aliyesema aliweza kuuawa. Wakaogopa pia kunyamaza, kwa maana aliyenyamaza aliweza kushukiwa. Pikipiki zilipigwa marufuku usiku, na wengine wakahama nyumba zao. Na Novemba 2017 Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi aliyekuwa akiziandika habari hizo, alitoweka Kibiti, naye hajaonekana tena.

Ndugu zangu, katika hali kama ile ndege isiyo na rubani yafaa nini? Yaweza kuonyesha mtu anakatiza shamba la mikorosho. Haiwezi kuonyesha kwamba ni mwizi, au ni baba anayemkimbiza mtoto mgonjwa zahanati. Anayejua ni jirani, na jirani hasemi asipomwamini yule anayemwuliza. Serikali yoyote ikipoteza hilo, hata ikinunua mitambo ya dunia nzima, itakuwa imenunua miwani kwa ajili ya kipofu.

Hapa najua mtu atasema: "Padre, mtu mwema hana cha kuficha. Anayeogopa kusikilizwa ana lake jambo." Maneno haya nimeyasikia barazani na hata katika mkutano wa baraza la kanisa. Yana ladha ya ukweli, lakini si kweli. Siyo kila kilichofichwa ni uovu. Mume na mke wana maneno yao. Mgonjwa ana ugonjwa wake, mwenye deni ana aibu yake, na binti aliyekosana na mchumba ana machozi yake. Bwana wetu mwenyewe alitufundisha kuingia chumbani na kufunga mlango tunaposali, na sala si jambo baya la kufichwa. Katiba yetu nayo, katika sehemu ya haki iliyoingizwa mwaka 1984, ibara ya 16, inalinda nafsi ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi, na inataka uwepo utaratibu wa sheria wa kuonyesha ni lini na kwa kiasi gani haki hiyo yaweza kuingiliwa. Kwa hiyo anayetaka faragha haombi fadhili. Na anayetaka kuingia ndani ya faragha hiyo ndiye mwenye wajibu wa kueleza sababu.

Tena sisi tuliolelewa katika desturi ya maungamo tunayo mfano karibu. Padre husikia mambo mazito kuliko mtambo wowote: wizi, uzinzi, chuki kati ya ndugu. Husikia, wala hawezi kuyabeba nje. Hawezi kumtazama mtu kwa jicho jingine kesho yake sokoni, wala kulitumia neno alilolisikia ili kushinda katika mabishano ya kamati. Watu huja kuungama kwa sababu wanajua sikio hilo limefungwa na sheria iliyo kubwa kuliko padre. Najua kwamba askari si padre. Yeye hutumwa asikie ili hatua ichukuliwe, na akisikia mipango ya kuua hana budi kupeleka habari upesi. Lakini naye pia afungwe na sheria iliyo kubwa kuliko yeye na kuliko mkubwa wake.

Basi mtu akiniuliza, "Ni lini kumsikiliza mtu asiyejua ni haki?" nitajibu kwamba yanatakiwa mambo manne. La kwanza, iwepo sababu inayoweza kutajwa mbele ya mtu mwadilifu, kama hakimu, bila haya. La pili, uwepo mpaka: mtu fulani, kwa jambo fulani, kwa muda fulani. Asisikilizwe mji mzima eti huenda mwizi yumo. La tatu, awepo wa kumwuliza msikilizaji, na mwenye kuonewa apate mahali pa kulalamika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeunda Tume ya kupokea malalamiko ya namna hiyo. Ni mwanzo mwema, nasi tuijue ili tuweze kuitumia. La nne, yale yasiyohusu kazi yasahauliwe, yasiwekwe akiba kwa siku ya ugomvi. Likikosekana hata moja kati ya haya, mtumishi wa umma amekuwa mtoto wa chini ya dirisha, ila huyu hana mama wa kumchapa.

Na kabla hatujainuka kuwahukumu wakubwa, tujitazame wenyewe. Simu ya mkononi imemfanya kila mmoja wetu kuwa mpelelezi mdogo. Kijana anarekodi ugomvi wa majirani na kuusambaza kabla haujaisha. Mama anaifungua simu ya mumewe akiwa amelala, na mume naye ya mkewe. Sauti aliyotumiwa mtu mmoja kwa siri inasikika jioni kwa watu mia. Je, sababu ipo? Mpaka upo? Nani atatuuliza? Tukizoea kuchunguliana sisi kwa sisi, hatutapata nguvu ya kumwambia mwenye mamlaka, "Hapo umepita kiasi." Atatujibu kwamba anafanya kwa ukubwa yale tunayoyafanya kwa udogo, na tutakosa la kusema.

Kwa mama yangu aliyeniuliza, jibu langu ni hili. Hukukosea ulipomchapa. Mtoto yule hakutumwa na mtu, hakumlinda mtu, na maneno aliyoyaokota angekwenda kuyachezea. Wala mwanao hakosei kwa kuishika kazi hii leo, ikiwa anasikiliza ili mwenyekiti wa kijiji alale salama na askari mwenzake asipigwe risasi na ndugu zake. Aje altareni bila hofu. Lakini ikitokea siku ameagizwa kusikiliza mambo ya chumbani ya mtu asiye na hatia, ili apatikane wa kuaibishwa au wa kunyamazishwa, basi aikumbuke fimbo ya mama yake, avue vile vyombo masikioni, na aseme, "Hili siwezi." Najua neno hilo laweza kumpotezea kazi, na tena mji huu kazi ni shida. Ikifika hapo, asibaki peke yake. Sisi wa mtaa huu tutakuwa na deni kwake, la chakula na la kusimama naye, nasi tujiandae kulilipa.

Tuwaombee walio zamu usiku huu, wanaotazama na wanaosikiliza. Tuwaombee pia wale wanaotazamwa na kusikilizwa bila kujua.